Mpaka wa Saba wa Joka

Kiwandani walimwita Bi Makosa, na hawakumwita hivyo kwa ubaya. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Karatasi za kwanza zikitoka mashineni, kabla kitu hakijachapwa kwa maelfu, zilipita mezani kwake naye akazichambua kwa kalamu nyekundu, mstari kwa mstari: kadi za mialiko, vitabu vya hesabu vya darasa la nne, kalenda, vipeperushi vya dawa ya mende. Miaka ishirini na saba ya kusoma prufu. Mwanamume aliyemuoa alipoamua kuondoka, alimwachia barua ya kurasa mbili juu ya friji. Bi Makosa aliisoma akiwa amesimama, akasahihisha maneno manne na kuongeza nukta moja iliyosahauliwa, ndipo akaketi kulia. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe wakati wa chai, na wenzake walipocheka alicheka nao.

Lakini makosa aliyoyapenda hasa, ikiwa mtu anaweza kuyapenda makosa, yalikuwa ya baba yake, na hayo aliyasaka nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula, baada ya sahani kuondolewa.

Mzee alikuwa mpima ardhi. Kwa miaka thelathini na mitano alibeba darubini ya kupimia na mawe ya mpaka, akaingia katikati ya majirani waliokuwa tayari kushikana mashati, akawaambia: chako kinaishia hapa, chake kinaanzia pale, sasa nyamazeni. Alipostaafu, watu walidhani atafuga kuku. Akaandika vitabu vya majoka. Naam, majoka yale yenye mabawa na moto, na mzee mzima mwenye mvi na miwani ya kamba. Ndugu zake walisikitika kidogo, wakasema ni jua la kazini. Halafu kitabu cha kwanza kikasomwa, cha pili kikagombaniwa, na kilipofika cha tano wanafunzi walikuwa wakivificha chini ya madawati na walimu wakiwanyang'anya ili wavisome wao.

Watu walivipenda kwa sababu moja. Majoka ya Mzee hayakuweza kila kitu.

"Joka linaloweza kila kitu la kazi gani?" alizoea kusema. "Adui kaja, joka limemla, kwaheri. Ukurasa wa pili kitabu kimekwisha, na mimi nimekula wino wa bure."

Kwa hiyo aliyapimia majoka yake kama alivyowapimia watu viwanja. Alichukua daftari lake la kazini, lenye jalada gumu la kijani, akaandika humo mipaka saba. Joka hutema moto mara tatu tu, kisha sharti linywe maji na lilale mchana kutwa. Joka haliruki juu ya maji ya chumvi. Pumzi ya joka hufunga jeraha, lakini jeraha lililokwishaona jua likizama halifungi tena. Na kadhalika, kila mpaka na ukurasa wake, kila ukurasa na tarehe yake. Mwenye kulilinda daftari hilo alikuwa Bi Makosa. Mzee akijisahau, akalifanya joka liteme moto mara ya nne kwa kuwa vita vimenoga, binti aliandika pembeni kwa wino mwekundu: Mpaka wa kwanza. Na Mzee, ambaye hakuna mwanasheria aliyewahi kumnyamazisha kazini, aliguna, akafuta, akaandika upya.

Mpaka wa saba ulitoka kwa Mama.

Mama hakuandika wala hakusoma sana, macho yake yalikuwa mabovu. Yeye alisikiliza. Kila Mzee alipomaliza sura, alimsomea jikoni huku yeye akipika, akichechemea kati ya meza na jiko kwa ule mguu wake wa kushoto uliokuwa mfupi, kitambaa cha kijani kichwani, akionja mchuzi kwa kuudondoshea kiganjani na kusema "chumvi", hata kama chumvi ilikuwa inatosha. Katika kitabu cha pili, mpanda joka kijana alikufa. Mama alimlilia wiki nzima. Wiki iliyofuata Mzee alikuja na sura mpya, amefurahi, joka limempulizia yule kijana pumzi naye amefumbua macho.

Mama aliweka mwiko chini.

"Huyo alikufa," alisema.

"Ndiyo, lakini sasa amefufuka."

"Nani kakuruhusu? Mimi nimemlilia mpaka kichwa kinaniuma. Machozi yangu utanirudishia? Mume wangu, ukimfufua huyo sikusikilizi tena. Leo umemrudisha yeye, kesho utamrudisha nani? Kila mtu atakuja na maiti yake."

Mzee alifikiri, akaona ni kweli. Akafuta sura yote, na daftarini akaandika mpaka wa saba: joka halimrudishi aliyekufa. Chini yake akapiga mistari miwili. Wasomaji walioandika barua kuhusu kitabu cha pili, nao walikuwa wengi, waliandika kuhusu kurasa zile ambamo Joka la Shaba linampulizia kijana pumzi siku tatu mfululizo na kijana haamki. Mwanamke mmoja aliyefiwa na mwanawe aliandika kwamba ndicho kitabu pekee ambacho hakikumdanganya.

Kisha Mama mwenyewe akaugua kifua, na wiki kumi na moja baadaye wakamzika. Hilo halikuhitaji kitabu.

Mwaka mmoja na nusu baada ya mazishi Mzee alianza kupima sebule. Alitoa utepe wake, akapima kutoka dirishani hadi mlangoni, akaandika. Baada ya chai akapima tena, akaandika. Bi Makosa alikuta karatasi kumi na tisa kwenye droo, zote na vipimo vilevile, zote kwa mwandiko uleule nadhifu. Hakuna kosa hata moja la kusahihisha, na ndiyo maana ziliogofya. Alimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, alieleza kwa maneno laini kwamba ugonjwa huu unakula kumbukumbu kuanzia za karibuni, kwamba dawa zipo za kuuchelewesha lakini si za kuurudisha nyuma. Mzee alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu ya kiwanja cha mtu mwingine.

Waliporudi nyumbani alienda moja kwa moja mezani, akalitoa lile daftari la kijani, akamwita.

"Kaa, mwanangu. Kitabu cha sita ndicho cha mwisho. Nitakimaliza, lakini sijui nitakimaliza nikiwa nani. Unanielewa?"

"Nakuelewa, baba."

"Basi niahidi mambo mawili. La kwanza, usiniandikie hata sentensi moja. Wewe una jicho, mkono huna, usikasirike."

"Sikasiriki." Alikasirika kidogo, maana ilikuwa kweli.

"La pili, majoka yangu yasivuke mpaka. Hata mpaka mmoja. Mimi nitasahau, nitataka kuyavusha, nitakuja na sababu tamu tamu. Futa. Hata nikikuomba. Hata nikilia mbele yako, futa. Watu wameniamini miaka kumi na minne, sitaki nije niwaongopee mwishoni kwa sababu kichwa kimevuja. Ahadi?"

"Ahadi."

"Ahadi ni deni," alisema Mzee, na kwa kuwa hakupenda machozi mezani, akamtuma alete chai.

Aliandika asubuhi, kichwa kikiwa bado kizima, na kwa muda sura zilikuja vizuri. Katika sura ya tisa mkunga wa ngome alikufa kwa mshale, mwanamke mrefu, mkali, aliyewazalisha nusu ya watu wa hadithi ile. Kilikuwa kifo kizuri. Bi Makosa alipokipiga chapa alilazimika kusimama mara mbili. Lakini mchana, taa ikianza kufifia kichwani mwa Mzee, alianza kuuliza.

"Mama yako kaenda wapi?"

Mara ya kwanza alimwambia kweli. Ndivyo alivyolelewa, na isitoshe aliamini kwamba kosa huandikwa pembeni kisha husahihishwa, basi. Mzee alikaa chini polepole, mikono ikitafuta kiti, uso umemwanguka. Hakuwa akikumbushwa msiba. Alikuwa akipewa habari. Kesho yake akauliza tena, akaambiwa, akakaa chini vilevile. Wiki hiyo Bi Makosa alimuua mama yake mara nne. Siku ya tano Mzee alipouliza, binti alikuwa akiosha vyombo, akasema bila kugeuka, "Kaenda kwa dada yake, baba, atarudi kesho kutwa," na Mzee akasema "Aa," akaendelea na chai yake. Mtu aliyekuwa hajawahi kuacha herufi ipotee alisema uongo mzima mzima, na sahani haikumponyoka mkononi.

Sura ya ishirini na mbili ilimjia jioni moja alipotoka kazini. Kurasa kumi na moja za mkono, zimepangwa vizuri, Mzee amekaa pembeni yake na tabasamu la mwanafunzi aliyepata mia kwa mia.

"Soma hiyo," alisema. "Hiyo ni kali."

Alisoma. Joka la Shaba, zee sasa, linashuka penye kaburi la mkunga. Linapuliza pumzi yake usiku na mchana. Udongo unafunguka. Na mkunga anatoka. Ila hakuwa mkunga. Mkunga alikuwa mrefu, na huyu aliyetoka kaburini alikuwa mfupi, anachechemea mguu wa kushoto, ana kitambaa cha kijani kichwani. Anajifuta udongo, anaenda penye chungu cha askari, anadondosha mchuzi kiganjani, anauonja, anasema: "Chumvi."

Bi Makosa alizikusanya kurasa. Aliomba ruhusa akapige chapa, akaenda chumbani kwake, akaichapa, kisha akashika kalamu nyekundu kwa mazoea ya miaka mingi. Alijua la kufanya. Hakuna jambo alilowahi kulijua vizuri zaidi. Akaandika pembeni, kwa haraka, ili asijipe nafasi ya kufikiri: Mpaka wa saba. Huyu amekufa, ana miaka mitatu kaburini. Ondoa sura nzima. Akaziacha karatasi mezani kwa Mzee kama kawaida, ili aamke nazo.

Asubuhi alikuta Mzee ameshakaa, miwani puani, kidole juu ya yale maandishi.

"Mwanangu, leo umekosea," alisema, na alisema kwa furaha, maana haikuwahi kutokea. "Mkunga amekufa sura ya tisa. Hazijapita siku arobaini. Hiyo miaka mitatu umeitoa wapi? Nani ana miaka mitatu?"

Akainua macho kumtazama. Alikuwa mtu aliyezoea kusoma mipaka kwenye nyuso za watu waliokuwa wakificha kitu. Bi Makosa alifungua mdomo atafute uongo, uongo ukamkimbia. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kukosea tarehe, na alipokosea, alikosea hiyo.

Mzee alisoma tena mstari ule. Akasoma tena sura, polepole, kuanzia penye kitambaa cha kijani. Alipofika kwenye chumvi akavua miwani.

"Ni mama yako," alisema.

"Baba..."

"Mama yako ana miaka mitatu."

Alilia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisicho na aibu, mpaka jirani wa ukutani, fundi cherehani, akaja na sindano bado imechomekwa kifuani kuuliza kama kuna msiba. Bi Makosa alimwambia ndiyo, kisha hapana, kisha akamwomba arudi tu. Mzee alimshika mkono binti yake.

"Nilimzika mimi?"

"Ulimzika, baba. Udongo wa kwanza uliutia wewe."

"Nililia?"

"Ulilia sana."

"Basi mbona nalia tena?" aliuliza, na aliuliza kwa dhati, kama mtu anayetaka kujibiwa.

Saa nne asubuhi ilimkuta bado analia, na saa sita ilimkuta amelala kitini. Bi Makosa hakwenda kazini siku ile. Alikaa sakafuni karibu na miguu ya baba yake akajilaani kwa maneno ambayo hapa hayaandikiki. Kisha akainuka, akachapa ule ukurasa upya bila maandishi mekundu, akauweka mahali pake, na ule wa zamani akauchana vipande vipande.

Mzee alipoamka aliomba chai. Akaziona karatasi, akazisoma, akatabasamu.

"Hii sura nzuri, eh? Sijui ilinitoka wapi. Mama yako ataipenda. Karudi?"

"Bado, baba. Kesho kutwa."

Kuanzia siku hiyo Mzee aliisoma sura ya ishirini na mbili kila asubuhi, na kila asubuhi ilikuwa mpya. Aliandika nyingine mbili, fupi, ambamo yule mwanamke mwenye kitambaa cha kijani anatembea ngomeni akiwagombeza askari kwa sababu ya mchuzi wao, kisha akaandika neno "Mwisho", akaweka kalamu chini. Baada ya hapo hakuandika tena.

Mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Mama Chapa, aliusoma mswada kwa siku mbili. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa na vidole vyenye wino usiotoka, na vitabu vya majoka alivichapa tangu cha kwanza. Alimwita Bi Makosa ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa akifukuza mtu.

"Mdogo wangu, hii ya ishirini na mbili unaijua mwenyewe."

"Naijua, dada."

"Wasomaji watatuchemsha. Huyu bwana amewafundisha wenyewe kuhesabu moto wa joka. Watasema Mzee kazeeka. Watasema mabaya kuliko hayo. Na wewe, mtu ambaye ukiona nukta mbili unaita polisi, jina lako liko ndani kama msahihishaji. Kwa nini hukuikata?"

"Nikiikata, kitabu hakina mwisho. Na mimi sina ruhusa ya kuandika mwisho mwingine."

"Tukichape bila mwisho. Tuseme mwandishi ameugua."

"Anakisoma kila siku, dada. Akikuta haimo..."

"Basi nakala yake moja tumchapie na hiyo sura, hizi nyingine tukate. Mzee ana nakala ngapi za kusoma? Moja! Hatajua mpaka anaingia kaburini."

Bi Makosa alitafuta kosa katika wazo hilo. Halikuwa na kasoro. Sababu alizozitoa mwanzoni zilikuwa nzuri, na zote zilikuwa za kupaka mafuta. Sababu ya kweli hakuisema mle ofisini: kwamba mara tatu alikuwa ameketi na prufu ile na kalamu ile, na mara zote tatu, alipofika pale mama yake anapojifuta udongo, mkono ulikataa. Alimkumbuka mama yake. Ni hilo tu. Alitaka awepo mahali fulani duniani, katika nakala elfu nne, anachechemea na kulalamikia chumvi, na mahali hapo pawe kitabu kisichofutika. Alijua ni uongo, na kwamba ni uongo uleule aliokuwa ameapa kuuzuia. Ahadi ameivunja. Akiwa amejua hayo yote, alitaka hivyohivyo.

"Iache, dada," alisema. "Lawama nitabeba mimi."

"Hutaweza kuibeba. Lawama watambebesha yeye."

"Yeye hatajua."

Mama Chapa akafungua mlango.

Kitabu kikatoka, chenye jalada la shaba, kizuri kuliko vyote vitano. Barua zikaanza mwezi uleule. Zilikuja kiwandani kwa mafungu, na Bi Makosa aliomba azifungue mwenyewe. Wengine walitukana. Mvulana mmoja alichora jedwali la mipaka saba na kuweka alama ya kosa mbele ya wa saba. Mwalimu mmoja aliandika kwamba ameviondoa vyote sita kwenye maktaba ya shule, kwa kuwa hajui sasa awaambie nini wanafunzi wake. Yule mwanamke aliyefiwa na mwanawe aliandika pia, kwa mstari mmoja: "Mbona wangu hakupuliziwa?" Barua hiyo Bi Makosa aliisoma chooni, mlango umefungwa, na hakuweza kutoka kwa muda. Kiwandani mtu mmoja alimtania kwamba safari hii Bi Makosa kalala zamu. Hakuna aliyecheka. Akaomba ahamishiwe kwenye kalenda, ambako hakuna kitu ila tarehe.

Mzee naye akazidi kupungua. Kwanza yalimtoka majina ya watu, halafu njia ya kwenda chooni, halafu siku moja alimuuliza Bi Makosa, kwa adabu kubwa, kama yeye ni nesi. Kusoma tu ndiko kulikobaki. Macho yake yalishika maneno hata pale alipokuwa haelewi ameketi kwenye nyumba ya nani, naye alisoma chochote: paketi za majani ya chai, risiti, gazeti la juzi. Jumapili moja alikitoa kitabu cha jalada la shaba rafuni, akakipindua, akakitazama mbele na nyuma.

"Hiki cha nani?"

"Chako, baba. Soma."

Alisoma siku sita, kutoka mwanzo, bila kuruka. Bi Makosa alipita na ufagio, alipita na chai, akimwangalia. Alifurahi vitani. Kwenye kifo cha mkunga, sura ya tisa, aliweka kitabu kifuani na kusema, "Masikini mama wa watu," akafuta macho. Bi Makosa alipoona hivyo alijisikia, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kwamba pengine hakukosea. Baba yake angefika ishirini na mbili, angekutana na yule mwanamke, angetabasamu kama alivyotabasamu asubuhi zote zile. Barua zote za dunia zingeweza kwenda na maji. Siku ya sita alisogeza kiti karibu ili aone.

Mzee alisoma ukurasa wa kwanza wa sura ile. Akasoma wa pili. Udongo ulipofunguka, akakunja uso. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akausoma tena kwa kidole, kisha akakifunga kitabu kwa kishindo kilichomrusha binti yake kitini.

"Mwongo huyu!"

"Nani, baba?"

"Huyu mwandishi! Joka halimrudishi aliyekufa. Haliwezi. Lilimpulizia yule kijana siku tatu, halikuweza. Leo kwa huyu limewezaje?" Alikipiga jalada kwa kiganja. "Nimekaa nimemlilia mwanamke wa watu, sasa ananiambia nililia bure?"

"Labda... labda alimhurumia, baba."

"Huruma gani hiyo? Anaitwa nani?"

Bi Makosa alitazama jalada. Jina lilikuwa pale, kwa herufi kubwa za dhahabu. Akalisoma kwa sauti, lote, la kwanza mpaka la ukoo.

Mzee alilifikiria.

"Simjui," alisema. "Lete karatasi. Wewe una mwandiko mzuri, niandikie."

Alileta karatasi. Kalamu aliyoikuta mfukoni ilikuwa ile nyekundu, akairudisha, akatafuta ya buluu. Mzee alikaa wima, akasafisha koo, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya zamani ya uwanjani, ile iliyokuwa ikiwanyamazisha majirani.

"Andika. Ndugu mwandishi, salamu. Nimekisoma kitabu chako mpaka sura ya ishirini na mbili na nimeishia hapo. Umevuka mpaka. Wewe mwenyewe uliuweka, tukauamini, na sasa umeung'oa kwa mkono wako. Mtu akifa amekufa. Hata mtoto anajua." Alikitazama kitabu mapajani, akakifungua tena kidogo, pale penye kitambaa cha kijani, akasoma mistari kadhaa kimya. Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka. "Ila huyu mwanamke umemwandika kama mtu unayemjua. Andika hivyo. Kama ni mtu wako, kama umefiwa, pole sana, ndugu yangu. Lakini usitudanganye kwa ajili yake. Yeye mwenyewe asingependa. Umeandika?"

"Nimeandika, baba."

"Soma nisikie."

Alisoma. Alifika kwenye pole, sauti ikakatika. Mzee alingoja kwa subira, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesikiliza ya watu wengine.

"Hapo pa pole sikusikia vizuri," alisema. "Rudia hapo."

Akarudia.